Miezi Mitano ya Kumuuguza Dada

Karakanani walimwita Sikio, kwa sababu kabla hajashika bisibisi alikuwa anainamisha kichwa juu ya redio kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Alikuwa fundi wa kike wa redio za uwanja wa ndege: za magari ya zimamoto, za wapakia mizigo, za walinzi wa getini. Aliishi peke yake katika vyumba viwili vya kupanga, na tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumlalamikia kwa lolote, isipokuwa kwamba akizama kwenye kazi haitikii salamu.

Mkuu wa karakana alipomwita na kumwambia kuna nafasi katika chumba cha mitambo chini ya mnara wa kuongozea ndege, Sikio alifurahi hadi akasahau kukaa. Kila fundi alikitamani chumba kile. Mitambo yake ilibeba mazungumzo ya marubani wa ndege za abiria, na ilibeba pia ya ndege za jeshi. Ndiyo maana mtu hakuingia mle bila kibali cha usalama.

"Watakupekua," mkuu alisema. "Watauliza ulikosoma, ulikoishi, ulichowahi kunywa na kuvuta. Ukiwa huna la kuficha ni kama kupimwa joto tu."

"Sina la kuficha, bosi."

Alijibu haraka mno. Yeye mwenyewe aliisikia ile haraka.

Alikuwa nalo. Miaka minane nyuma, kabla ya uwanja wa ndege, Sikio alikuwa anapanda minara ya simu. Siku moja mkanda wake wa usalama ulichomoka akaanguka, si kutoka juu sana, lakini alitua kwa mgongo. Daktari alimpa vidonge vya maumivu, vile vikali ambavyo mfamasia huvifungia kabatini. Mwezi wa tatu maumivu yaliisha. Hamu ya vidonge haikuisha. Daktari alipokataa kumwandikia vingine, alivipata kwa mtu aliyeviuza nyuma ya stendi, kimoja kimoja, vikiwa vimefungwa katika vipande vya gazeti. Alivimeza kabla ya kazi, kisha kazini, kisha badala ya kazi. Dada yake ndiye aliyevunja kitasa cha mlango wake siku moja, akamkuta amelala sakafuni na viatu miguuni, akampeleka kwenye nyumba ya watu wanaoacha ulevi, nje ya mji. Alikaa huko miezi mitano. Alitoka, akanenepa, akapata kazi, na tangu hapo hata kichwa kikimuuma hunywa maji akajilaza.

Hakuna aliyejua isipokuwa dada na shemeji. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Fomu aliijazia kwenye chumba cha chai. Mbele yake alikaa fundi mwenzake, ambaye naye aliitaka nafasi hiyohiyo. Huyo walimwita Bosi Kesho, maana tangu siku ya kwanza alikuwa anawaambia watu kwamba kesho mtaniita bosi.

"Wamefika mbali," Bosi Kesho alisema huku akicheka. "Eti umewahi kutumia dawa ya kulevya, au dawa ya hospitali bila maelekezo ya daktari. Sasa nani ataandika ndiyo? Yesu mwenyewe angeandika hapana."

"Wewe umeandika nini?"

"Hapana! Hao hawana mashine ya kupima moyo, dada yangu. Andika hapana ukalale."

Sikio aliandika hapana. Lakini ukurasa uliofuata ulimtaka aeleze kila kipindi ambacho hakuwa na kazi, alikuwa wapi, anafanya nini, na nani wa kuthibitisha. Ile miezi mitano ikakaa pale kama jino lililong'oka. Alizungusha kalamu. Watu walikuwa wanaingia na kutoka na vikombe. Mwishowe akaandika: *Nilikuwa nikimuuguza dada yangu baada ya kujifungua.* Kwenye sehemu ya kuthibitisha akaandika jina na simu ya dada.

Jioni ile alikwenda kwa dada yake. Dada alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi, mwanamke mrefu, mwenye sauti ambayo hata nyumbani ilifika dawati la nyuma. Alikuwa anakunja nguo, na binti yake wa miaka sita alikuwa anaruka juu ya zile zilizokwisha kukunjwa.

"Dada, kuna mtu atakuja kukuuliza habari zangu. Ni mambo ya kazi."

"Aje. Nitamwambia huli mboga."

"Atakuuliza kuhusu ile miezi mitano."

Dada aliacha kukunja. Alimtuma mtoto akamtafutie soksi ambayo haikupotea. Mtoto alipotoka, Sikio alimweleza alichoandika.

"Baada ya kujifungua nani?" dada aliuliza polepole. "Huyu ana miaka sita. Wewe unazungumzia miaka minane."

"Hatauliza umri wa mtoto."

"Mdogo wangu, mimi nafundisha kutoa na kujumlisha. Mimi ningeuliza."

"Nimeshaipeleka."

"Kairudishe. Mwambie ulikosea."

"Fomu ikishapokelewa hairudi," Sikio alisema. Hakujua kama ni kweli. Hakuwa ameuliza.

Dada alimtazama kwa muda mrefu, kwa jicho lile ambalo wanafunzi wake waliliogopa kuliko kiboko. Kisha akaokota shati la mumewe, akalikunja vibaya, akalikunja tena. "Ungewaambia tu," alisema. "Uliumwa, ukapona. Kwani kuna nini?"

"Watu wakisikia neno dawa hawasikii tena neno kupona."

Dada hakubisha. Alisema tu, "Akija nitaona," na Sikio akayachukua maneno hayo kama ahadi, kwa sababu alihitaji ahadi.

Wiki zilizofuata alifanya kazi kama mtu mwenye jiwe kiatuni. Kila simu yenye namba ngeni ilimpeleka msalani kabla hajaipokea. Alianza kuhesabu watu. Msimamizi wa ile nyumba, bado yuko? Yule mama mpishi aliyekuwa akimwongezea chakula, alikumbuka sura? Wale wenzake wa chumba kimoja? Mmoja alikuwa dereva wa teksi. Na teksi ngapi zilisimama mbele ya uwanja wa ndege kila siku! Alianza kutokea mlango wa nyuma, ule wa magari ya taka. Usiku alipanga majibu, asubuhi aliyapangua. Bosi Kesho alimwuliza, "Mbona unakonda? Au ndiyo mwili wa cheo?" Sikio akacheka naye, akaingia karakanani, akafungua redio aliyokwisha kuitengeneza jana.

Siku ya Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, mlinzi wa getini alimwita. Kuna mgeni. Sikio alitoka, akamkuta dada amesimama karibu na maegesho, na mkoba wa shule begani. Dada hakuwahi kufika pale hata mara moja.

"Huna vipindi?" Sikio aliuliza.

"Nimeomba ruhusa. Tukae."

Walikaa kwenye benchi ambalo watu husubiria wasafiri. Pembeni yao familia moja ilikuwa inamsubiri mtu, na watoto walikuwa wanagombania nani atakayeshika maua.

"Alikuja jana," dada alisema. "Mwanaume wa makamo, mpole, amevaa miwani. Nilimkaribisha. Akaniuliza unaishi vipi, unalipa madeni, una hasira. Nikajibu yote, na yote ni kweli. Kisha akafika pale. Nikasema ndiyo, alikuwa kwangu, alikuwa ananiuguza baada ya kujifungua. Akaandika."

"Asante, dada."

"Usinishukuru. Sijamaliza." Dada alikuwa anatazama mbele, kwenye lango la wanaowasili. "Mwanangu alikuwa anachora mezani. Yule bwana akamwuliza, kwa upole tu, wewe una miaka mingapi? Mtoto akaonyesha vidole. Sita. Yule bwana akatazama karatasi yake, akanitazama mimi. Alisubiri tu, kama mimi ninavyomsubiri mwanafunzi ubaoni."

"Ukamjibu nini?" Sikio aliuliza.

"Nikamwambia si huyu. Nikamwambia ni wa kwanza. Yule aliyekufa."

Ndege ilipaa nyuma ya jengo, na kwa muda hakuna aliyeweza kusikilizana na mwenzake. Dada alingoja ipite.

Mtoto wa kwanza wa dada alikuwa wa kiume. Aliishi wiki moja. Lakini alizaliwa miaka kumi nyuma, siyo minane, na wakati ule Sikio alikuwa chuoni katika mitihani ya mwisho, hakuja kuzika. Alituma salamu za pole kwa simu, akafika baada ya mwezi, dada akiwa amekwisha kurudi kazini na mambo yake yamefungwa kifuani.

"Nimemsogeza mbele miaka miwili," dada alisema. "Nimemtoa alipolala nikamleta pale unapomhitaji wewe. Nikamweleza yule bwana jinsi ulivyokuwa unanikanda kwa maji ya moto, unanilisha, unalala na mimi kitanda kimoja kwa sababu nilikuwa naamka nikimtafuta mtoto. Nilieleza vizuri mno. Akavua miwani, akaniambia pole sana, mama. Na wewe hukuwepo. Hakuna aliyelala na mimi. Shemeji yako alikuwa safarini na lori lake, nikalala na mto."

"Dada…"

"Akauliza hospitali gani. Nikataja ile ile, ya kweli. Akaandika."

Sikio alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe lilionekana dogo kama senti kwa mtu aliyeunguliwa nyumba. Upande wa pili wa benchi, msafiri waliyekuwa wanamsubiri alitokea, na familia nzima ikamrukia kwa vifijo. Dada alinyanyuka na kuvaa mkoba wake.

"Sikuja kukulaumu," alisema, ingawa alikuwa amekuja kwa hilo pia. "Nimekuja kwa sababu tangu jana siwezi kumtazama binti yangu usoni. Leo darasani nimeandika tarehe ubaoni, nikashindwa kuendelea."

Akaondoka bila kugeuka.

Sikio hakurudi karakanani moja kwa moja. Alikwenda nyuma ya jengo la zimamoto, mahali ambapo watu huvutia sigara, akasimama huku ameshika simu. Namba ya afisa mpekuzi ilikuwa kwenye barua aliyopewa pamoja na fomu. Aliiandika, akaifuta. Alijiambia hospitali hazitunzi kumbukumbu za zamani. Alijiambia afisa ana watu mia wa kupekua, hatakwenda kufukua vitu vya miaka kumi. Kisha alijiona yuko chumba cha mitambo, amevaa kitambulisho kipya, na kila siku ya maisha yake anaomba karatasi ya hospitali isipatikane. Karatasi ya mtoto ambaye hakwenda kumzika. Akaipiga ile namba.

"Naomba kuja kukuona," alisema. "Kuna mambo niliyoandika si ya kweli."

"Njoo kesho asubuhi," afisa alisema. "Njoo na kitambulisho."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la kawaida, juu ya duka la miwani. Hapakuwa na bendera wala bunduki, meza tu, viti viwili vya plastiki, na chupa ya chai ambayo ndani yake kulikuwa na maji ya moto matupu. Afisa alijimiminia kikombe, akampa naye chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amekushauri uje?"

"Hakuna mtu."

"Haya. Nakusikiliza."

Sikio alieleza. Alianzia kwenye mnara, mkanda, mgongo, akafika kwa daktari, kwa mtu wa nyuma ya stendi, kwa dada akivunja kitasa. Aliposema "miezi mitano" alikunywa yale maji yakamwunguza ulimi, akaendelea. Afisa hakuandika chochote. Alikuwa amekunja mikono kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Sikio alipomaliza, afisa alichukua kalamu.

"Sasa rudia," alisema, "taratibu, niandike."

Kurudia kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza. Kila tukio sasa lilikuwa na swali pembeni. Kwa muda gani? Vingapi kwa siku? Uliwahi kuiba? Uliwahi kupanda mnara ukiwa umevimeza? Hilo la mwisho alilijibu huku anatazama meza: ndiyo, mara nyingi, na mara moja akiwa na mwenzake amemshikia kamba. Hakuwa amewahi kumwambia hilo mtu yeyote, hata dada.

"Na maelezo ya dada yako?" afisa aliuliza. "Nilikwenda kwake. Alinieleza mambo mazito."

Hapa ndipo Sikio alipoteleza. Alikuwa ameshavuka mto mzima, na ukingoni akaogopa tena. Safari hii hakujiogopea yeye.

"Labda alichanganya miaka," alisema. "Alipata mshtuko mkubwa wakati ule. Huwa anasahau."

Afisa aliweka kalamu chini. Hakupandisha sauti. "Yule ni mwalimu wa hesabu."

Chini, kwenye duka la miwani, mtu alikuwa anasomeshwa herufi ukutani, kwa sauti, moja moja. Sikio alimsikiliza akikosea.

"Nilimwomba mimi," alisema. "Alikataa kwanza. Alinishauri nirudishe fomu. Nikamwambia hairudi."

"Inarudi. Kila wiki watu wanakuja kusahihisha."

"Sikuuliza."

"Hukuuliza," afisa alikubali. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Ngoja nikwambie, binti yangu, maana naona unafikiri shida yako ni vidonge. Kuna watu wako ndani ya chumba kile leo, waliovuta bangi chuoni, wakakaa kwenye kiti hicho wakaniambia. Niliwauliza maswali, nikaandika, wakaingia. Vidonge vya miaka minane iliyopita, na nyumba ya matibabu, na kazi safi baada ya hapo, vingekula kikao kimoja. Lakini fikiria mtu anayejua siri yako, na anajua wakubwa zako hawaijui. Siku moja anakupigia simu. Hatakwambia uangushe ndege. Atakuomba kitu kidogo, masafa fulani ya redio, zamu fulani. Utamjibu nini?"

Sikio alimfikiria yule dereva wa teksi, aliyemkwepa kwa kutokea mlango wa taka bila hata kujua kama bado yuko mjini. "Sijui," alisema. Huo ulikuwa ukweli.

"Na ungeniambia kabla ya mimi kwenda kwa dada yako, hata hapo ingekuwa afadhali. Sasa nina maelezo ya uongo ya watu wawili."

"Mzee, nakuomba. Niadhibu mimi. Yeye ana kazi, ana mtoto. Alifanya kwa ajili yangu."

"Kumdanganya afisa wa upekuzi ni kosa. Sheria haina mlango wa ndugu." Alivaa miwani. "Mwambie aje mwenyewe, kabla sijamwandikia barua. Anayekuja kwa miguu yake hupokelewa tofauti na anayeletwa."

Sikio alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Alitegemea kujisikia mwepesi. Watu husema ukitua mzigo unakuwa mwepesi. Lakini alikuwa ameutua juu ya kichwa cha dada yake.

Alimngojea dada nje ya shule, wakati watoto wanatoka. Alimweleza wakiwa wanatembea. Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama katikati ya njia, watoto wakipita pande zote mbili na kusema kwa heri mwalimu.

"Umesema kwanza, ndipo ukaja kuniambia," dada alisema.

"Nilifikiri ukijua kabla utanizuia."

"Ningekuzuia? Mimi niliyekwambia uirudishe?" Sauti yake ilifika mpaka ng'ambo ya barabara, na watoto kadhaa wakageuka. Akaishusha. "Ulipotaka niingie, hukuniuliza. Uliandika jina langu kwanza. Sasa umenitoa, na hukuniuliza vilevile. Mimi ni nini kwako, mdogo wangu? Ni kabati la kuwekea vitu?"

Dada alikwenda zake, na kwa zaidi ya mwezi hakupokea simu.

Ule ndio ulikuwa muda mbaya kuliko yote. Awali Sikio alikuwa anaogopa kugundulika; sasa kila kitu kilikuwa kimegundulika na bado hofu haikwenda popote, ilibadilisha tu mahali pa kukaa. Alijua kutoka kwa shemeji, kwa ujumbe mfupi, kwamba dada alikwenda kwa afisa. Ilikuwaje, shemeji hakusema. *Muulize mwenyewe*, aliandika, *mimi hapa nyumbani naongea na ukuta.* Sikio aliota shule inampa dada barua mbele ya wanafunzi. Akiamka, alihisi ule mwasho wa zamani katika taya, mwili ukikumbuka kwamba zamani ulijua dawa ya hali kama hii. Mara moja alijikuta ameshuka kituo cha stendi bila kuwa na safari. Alisimama, akanunua maji, akayanywa yote papo hapo, akatafuta namba ya ile nyumba ya kupona. Aliyepokea alikuwa yule mama mpishi. Alimkumbuka. Aliongea naye hadi basi la tatu lilipopita, na hakuna walichokiongea cha maana zaidi ya bei ya vitu na magoti ya mama yule.

Uamuzi ulipofika, mkuu wa karakana alimwita akafunga mlango.

"Wamekunyima," alisema. "Sababu hawaniambii, wanasema tu unaweza kuomba tena baada ya miaka miwili. Nafasi kapewa mwenzako."

"Sababu nakwambia mimi."

"Sijakuuliza."

"Najua, bosi. Lakini nataka uijue kutoka kwangu."

Alimweleza kwa maneno machache. Mkuu alisikiliza huku anageuzageuza kifuniko cha kalamu. Hakumkumbatia kwa maneno, wala hakumfukuza. Aliuliza kitu kimoja tu: kama kwenye karakana hii, tangu aanze, amewahi kugusa kifaa cha zimamoto akiwa amemeza kitu. Sikio alisema hapana. Mkuu alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, na Sikio akaelewa kwamba kuanzia leo hapana yake itapimwa kabla ya kupokelewa, na kwamba hilo litachukua miaka kuisha, kama litaisha.

"Haya," mkuu alisema mwishowe. "Kuna redio ya gari la zimamoto inakatakata. Kaianze."

Bosi Kesho alihamia chumba cha mitambo Jumatatu iliyofuata. Aliaga kwa kelele, akawaambia kesho imefika. Alipomfikia Sikio akamshika bega na kusema kwa sauti ya chini, "Si nilikwambia uandike hapana ukalale?"

"Niliandika," Sikio alisema. "Sikulala."

Bosi Kesho alicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Kwa nukta moja alionekana kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Kisha akabeba boksi lake akaenda.

Jumapili, simu ya Sikio iliita. Alikuwa dada.

"Binti yangu anamuulizia mama mdogo wake," dada alisema. "Mimi sijakusamehe. Lakini njoo."

Alikwenda. Mtoto alimpokea kwa michoro, akacheza, akalala kwenye kochi na kalamu ya rangi mkononi. Dada alikuwa jikoni anaosha vyombo; Sikio akachukua kitambaa akawa anavifuta.

"Nimepewa onyo la maandishi," dada alisema. "Shuleni halikufika. Nikifanya mara ya pili, litafika."

"Nilidhani watakufukuza."

"Hata mimi." Dada alisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. "Yule bwana alinitaka nieleze upya, kila kitu kwa miaka yake ya kweli. Nikamwambia mwanangu alizaliwa lini, alikufa lini. Akaandika. Halafu akaniuliza, alikuwa anaitwa nani."

Mikono yake ilisimama majini.

"Miaka kumi," alisema. "Watu waliniambia pole, waliniambia utapata mwingine, waliniambia Mungu anajua. Hakuna aliyeniuliza jina. Mama mkwe, jirani, shemeji zangu, hakuna. Kaniuliza mtu wa serikali, kwa sababu ya fomu. Nikamwambia jina, nikalia pale mpaka akaenda kuniletea maji yake ya moto."

Sikio aliweka sahani chini. "Na mimi sikukuuliza."

"Na wewe hukuniuliza."

Dada aliufunga mfereji. Sikio alivuta viti viwili kutoka mezani, akakaa kwenye kimoja, akamsogezea dada yake kile kingine.

"Niambie jina lake," alisema, na dada akalitaja. "Alifanana na nani?"

Dada alikaa. Alikausha mikono kwenye sketi, moja, kisha nyingine, akifikiri. "Masikio," alisema, "alichukua ya baba. Makubwa. Muuguzi alimcheka." Na akaendelea kusimulia, mara kwa hasira, mara kwa kucheka, na Sikio hakumkatiza hata pale aliposikia mambo yaliyomtia aibu. Walikuwa bado pale mtoto alipoamka akaja jikoni huku anasugua macho, akauliza wanamzungumzia nani.

Dada alimpakata. "Njoo nikwambie," alisema.